Ganda Juu ya Ganda: Wajibu wa Mnunuzi Dukani

Darasa letu la leo ni la sokoni. Wako watakaouliza: mboga na nailoni zina uhusiano gani na darasa? Twawajibu kwamba mlango wa biashara ni katika milango mirefu kabisa ya vitabu vya fiqhi, na mashekhe waliotusomesha hawakuturukisha mlango huo ati kwa kuwa ndani yake mmetajwa tende, ngano na chumvi. Wala mtu haivui dini yake mlangoni mwa supamaketi kama avuavyo viatu mlangoni mwa msikiti.

Suala lenyewe ni hili. Ndizi nne zimelazwa juu ya kisahani cha povu, zikafunikwa utando wa plastiki na kubandikwa karatasi ya bei. Mnunuzi akifika nyumbani huutupa utando na kisahani kabla hata hajamenya ndizi ya kwanza. Vitu hivyo vimetumika siku mbili tatu, na huenda vikabakia duniani baada ya mnunuzi na wajukuu zake. Je, mnunuzi ana la kusema juu yake, au kazi yake ni kulipa na kunyamaza? Jawabu letu ni kwamba analo la kusema, na kwamba kunyamaza kwake ndiko kunakokifanya kitu hicho kiendelee.

1. SHERIA ILIPOFIKA

Kwanza yatupasa tujue Serikali imefanya nini, ili tusiitake ifanye lililokwisha kufanywa, wala tusidhani imefanya lisilofanywa.

Tarehe 28 Februari 2017, Waziri wa Mazingira wa Kenya wa wakati huo, Profesa Judi Wakhungu, alitoa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali la kupiga marufuku majuala, yaani mifuko ya plastiki ya kubebea na mifuko bapa isiyo na mikono. Watu walipewa muda wa miezi sita. Siku chache kabla ya muda kwisha Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuisimamisha amri ile, na tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ikaanza. Adhabu yake si ndogo: faini ya hadi shilingi milioni 4, au kifungo cha hadi miaka 4. Kabla ya hapo Serikali ilikwisha jaribu mwaka 2007 na mwaka 2011 kuyazuia majuala membamba tu, na majaribio yote mawili hayakushika.

Sababu za marufuku hiyo zilikuwa dhahiri. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilieleza mwaka 2017 kwamba supamaketi za Kenya peke yake zilikuwa zikigawa majuala kiasi cha milioni 100 kila mwaka. Likaeleza pia kwamba katika machinjio ya Nairobi walionekana ng'ombe waliotolewa majuala 20 tumboni. Na ng'ombe huyo ndiye nyama tunayoipika sisi. Marehemu Profesa Wangari Maathai naye alikuwa amekwisha onya zamani kwamba majuala yaliyotupwa ovyo hujaa maji ya mvua yakawa mazalio ya mbu.

Jirani zetu nao wamefanya yao. Zanzibar ilipiga marufuku majuala mwaka 2006, Rwanda ikapitisha sheria yake mwaka 2008, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Kwa hivyo Afrika Mashariki, katika jambo hili, haikungoja kufundishwa na mtu.

Walakini sheria ya Kenya iliacha mlango. Ilisamehe vifungashio ambavyo bidhaa hutiwa huko huko inakotengenezwa, kama vile mkate, sukari na unga. Msamaha huo una maana yake, kwani unga haubebeki mkononi. Lakini kisahani cha povu na utando unaovutwa juu ya nyanya si mfuko wa kubebea wala si mfuko bapa, basi vikabaki rafuni. Juala limetolewa mlangoni, na nduguye ameketi ndani kwenye mboga. Mnunuzi huingia na kikapu chake kwa kuiogopa sheria, kisha akakijaza plastiki aliyoinunua pamoja na chakula.

2. KWA NINI TWATAJA DALLAS

Mfano wetu twauchukua Embu, mji ulio mbali na bahari, chini ya Mlima Kenya. Katika mji huo mna mtaa uitwao Dallas, mtaa wa watu wengi na nyumba zilizokaribiana. Tumeuchagua kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza: Embu na Meru ni nchi ya wakulima. Ndizi, maembe na maparachichi yanayoliwa Mombasa na Nairobi, mengi hutoka huko. Mkaazi wa Dallas huweza kununua ndizi iliyokatwa shambani jana, kutoka kwa mama mboga aliyeipanga mafungu juu ya meza ya mbao, bila ya utando wala kisahani. Akipanda hadi katikati ya mji akaingia duka kubwa, huenda akaikuta ndizi ya shamba lile lile imevikwa nguo mbili. Safari yake ni ile ile, na jua ni lile lile. Basi nguo ile imevaliwa kwa ajili ya nani? Hapa ndipo mtu anapoweza kuona kwa macho yake kwamba plastiki nyingine ni haja na nyingine ni mapambo.

Sababu ya pili ni ya maji. Mto Rupingazi hushuka kutoka Mlima Kenya ukapita kando ya mji wa Embu, ukaingia mto Thiba, na Thiba ukaingia Tana. Maji hayo hupita mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakapita Garissa, Hola na Garsen, mwisho yakaingia Bahari ya Hindi huko Kipini. Hatusemi kwamba kila kisahani kitupwacho Embu hufika Kipini, kwani mabwawa huzuia, na magugu huzuia. Twasema kwamba mji wa Embu na pwani yetu vyanywa katika mto mmoja, na aliye chini hana budi kulijali la aliye juu. Watu wa Lamu walilionyesha jambo hili kwa mikono yao. Mwaka 2018 mafundi wakiongozwa na fundi Ali Skanda walilishusha majini jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa kiasi cha tani 10 za taka za plastiki na kuvikwa vipande vya ndara zipatazo 30,000. Mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Jahazi lile ni fakhari ya ufundi wetu, na ni aibu yetu pia, maana mbao zake ni uchafu wetu.

Sababu ya tatu ni ya jina. Dallas ya asili ni mji mkubwa wa jimbo la Texas, Marekani. Baraza la mji huo lilipitisha mwaka 2014 kwamba kila juala litozwe senti 5, na amri ikaanza Januari 2015. Watengenezaji wa majuala wakaushtaki mji, na mwezi wa Juni mwaka huo huo baraza likaifuta amri yake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Texas ikahukumu, katika kesi ya mji wa Laredo, kwamba sheria ya jimbo haiiruhusu miji kuyapiga marufuku majuala. Basi mji tajiri ulishindwa kuvumilia senti 5 kwa nusu mwaka, na mtaa wa Embu wenye jina lake unaishi chini ya marufuku kamili tangu mwaka 2017.

Hatulitaji hili kwa kujifakhiri, bali kwa funzo lililomo. Amri ya Serikali huweza kuzaliwa Januari ikafa Juni. Lakini dasturi ya mnunuzi, akiishika mwenyewe kwa kuijua sababu yake, haifutwi na baraza wala na mahakama.

3. MKONO NDANI YA LUNDO

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kutoka kwa Abu Huraira, kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani yake, na vidole vyake vikakuta umajimaji. Akamuuliza mwenye nafaka khabari ya umajimaji ule, naye akasema kuwa imenyeshewa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi asiiweke iliyorowa juu ili watu waione, kisha akamkana kila anayewadanganya watu.

Tuangalie hadithi hii kwa jicho la mnunuzi. Mtume hakutosheka na sura ya juu ya lundo, alitia mkono. Kutia mkono ndani ya bidhaa kabla ya kulipa si utovu wa adabu, bali ni haki iliyothibiti. Sasa mnunuzi wa leo atatiaje mkono? Nyanya sita zimefungwa. Tano zinamkabili na nyekundu zake, na ya sita imelala chini ya karatasi ya bei. Akifika nyumbani aibandue, huikuta imeoza. Hatumtuhumu mwenye duka kwamba ameficha kwa makusudi. Twasema kwamba utando umeuondoa mkono wa mnunuzi mahali ambapo Mtume aliuweka wake.

Liko jambo jengine ambalo wanafunzi wa Minhaji ya Imamu Nawawi wanalijua. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba kitu kisichoonwa hakiuzwi. Kisha wanachuoni wakatoa wasaa katika vitu ambavyo Muumba amevipa ganda la kuvihifadhi, kama komamanga na yai: kuliona ganda lake kunatosha. Wameliita ganda hilo ni hifadhi ya maumbile. Tazama basi busara yao. Walijua kwamba ndizi, chungwa, nazi, boga, nanasi, embe, kitunguu na parachichi hazikuja duniani uchi. Kila kimoja kimepewa nguo yake, iliyokatwa kwa kipimo chake, isiyoongeza bei, na ikitupwa hurudi kuwa udongo. Mwenye kuivika ndizi nguo ya pili yampasa aseme ya kwanza ina kasoro gani.

Hatusemi, wala mtu asitusingizie kwamba tumesema, kuwa biashara ya ndizi zilizofunikwa ni batili. Utando ni mwangavu na ndizi zaonekana. Tusemalo ni kwamba matumizi yasiyo na haja yana jina lake, nalo ni israfu; na madhara yanayoweza kuzuiwa yana hukumu yake, nayo ni kuzuiwa. Na mnunuzi anao udhuru wa tatu, ambao ni mzani: uzito wa kisahani usiwe uzito wa nyanya.

4. HOJA ZA WENYE MADUKA

Si uadilifu kumhukumu mtu bila ya kumsikiliza. Wenye maduka wana hoja zao, nazo si za upuuzi zote.

Wanasema kwamba plastiki huzuia chakula kuoza, na chakula kilichooza ni khasara kubwa kuliko utando. Hili lina ukweli ndani yake. Lakini ukweli huo hauenei kila mmea. Shirika la WRAP la Uingereza lilichapisha mwaka 2022 uchunguzi wa miezi 18 juu ya tofaha, ndizi, brokoli, matango na viazi. Likakuta kwamba katika vitu hivyo plastiki haikuongeza maisha kwa kiasi kikubwa, na kwamba baridi ya mahali pa kuweka ndiyo yenye kazi kubwa zaidi. Tena likasema kwamba kuuza vitu hivyo vitano wazi kunamwezesha mtu kununua kwa kadiri ya haja yake, na kwamba kwa Uingereza peke yake kungeepusha tani 10,300 za plastiki. Ni kweli kwamba Uingereza si Lamu, na joto letu si lao. Kwa hivyo hatutaki mtu ayachukue matokeo yale kama yalivyo. Twataka mwenye duka ajaribu mwenyewe kwa mwezi mmoja, rafu moja wazi na rafu moja iliyofungwa, ahisabu kilichooza.

Wanasema pia kwamba ni usafi, kwani mikono ya watu ni mingi. Jawabu ni kwamba tunda lenye ganda hulimenywa, na lisilo na ganda gumu huoshwa, lifungwe lisifungwe. Hakuna mama anayemwagilia watoto nyanya kutoka utandoni moja kwa moja bila ya kuziosha, au kama yuko, basi utando umemdanganya.

Wanasema tatu kwamba kufunga kunaharakisha kazi kwenye kaunta ya kulipia, kwa kuwa bei imekwisha bandikwa. Hili ni kweli, lakini ni faida ya duka wala si faida ya mnunuzi, na taka inabaki kwa mnunuzi. Mzani uliowekwa penye mboga wanunuzi wenyewe wakapima wakabandika bei kwenye tunda au kwenye mfuko wao, unaondoa tatizo hili.

Sisi wenyewe twakiri kwamba viko vitu visivyoachwa wazi: nyama, samaki, papai na tikiti zilizokatwa, na mboga zilizokatwa tayari kwa kupikwa. Kwa vitu hivi kifungashio ni haja, na mwenye kutaka kiondolewe anataka maradhi. Kutenganisha baina ya haja na upuuzi ndiyo fiqhi ya suala hili yote.

5. WATU WALIOSEMA WAKASIKILIZWA

Wengi watasema: sisi ni nani hata supamaketi itusikilize? Twawapa mifano.

Huko Keynsham, mji mdogo wa Uingereza karibu na Bath, mwezi wa Machi 2018 wanunuzi waliingia katika duka la Tesco, wakanunua kama kawaida, wakalipa, kisha wakavua plastiki yote isiyo ya lazima wakaiacha pale pale dukani na kwenda zao na chakula. Jambo hilo likaenea katika miji mingine ya Ulaya. Huko Ufaransa, sheria ya mwaka 2020 ilitaka kwamba tangu Januari 2022 aina kiasi cha 30 za matunda na mboga zisiuzwe ndani ya plastiki zikiwa chini ya kilo moja na nusu. Desemba 2022 Baraza la Dola likaibatilisha kanuni ya utekelezaji, na mwaka 2023 Serikali ikatoa kanuni nyengine. Hapa pia twaona sheria ikianguka na kuinuka.

Na hapa kwetu Kenya yuko James Wakibia, mpiga picha wa Nakuru. Hakuwa waziri wala mbunge. Aliyaona majuala yaliyotapakaa kutoka kwenye jaa la Gioto, akayapiga picha, akaandika, akawaita watu wengine waseme naye mpaka sauti yake ikafika kwa Waziri. Hatusemi kwamba ni yeye peke yake aliyeileta marufuku ya mwaka 2017. Twasema kwamba hakunyamaza.

Wala tusingoje dunia itufanyie. Mwaka 2022 mataifa yalikutana hapo Nairobi yakaafikiana kuandika mkataba wa plastiki ulimwenguni. Mkutano wa Busan wa mwaka 2024 ulikwisha bila ya mkataba, na wa Geneva wa Agosti 2025 vivyo hivyo. Na hali ya kutumia upya nayo si kimbilio: kwa hisabu ya shirika la OECD, katika taka zote za plastiki duniani za mwaka 2019, zilizofanywa upya ni sehemu 9 tu katika 100. Basi anayesema tuitumie tu, itafanywa upya, ajue kwamba tisa ndizo zenye bahati.

6. NAMNA YA KUSEMA

Kuamrisha mema kuna adabu zake, na aliyeharibu adabu huharibu na jambo lenyewe. Twataja mambo matano.

La kwanza, mnunuzi aanze na mkono wake. Palipo na ndizi wazi na ndizi zilizofungwa, achukue zilizo wazi, hata kama zilizofungwa zimependeza zaidi. Mwenye duka huhisabu kilichouzwa, na hisabu hiyo ni lugha anayoijua vizuri.

La pili, asimgombeze keshia. Kijana yule ni mwajiriwa. Hakuagiza utando wala hana amri ya kuukataza. Maneno yapelekwe kwa meneja, kwa upole, na mbele ya watu asiaibishwe.

La tatu, maneno yawe ya vitu maalumu. Asiseme "plastiki ni mbaya", bali aseme "ndizi, machungwa na vitunguu tuuzieni wazi". Anayeomba vitu vitatu huweza kupewa viwili. Anayeomba dunia hapewi kitu.

La nne, watu wawe wengi. Mmoja ni mlalamishi. Ishirini ni wateja. Wanawake wetu, ambao ndio wanaoijua bei ya kila kitu, wawe mbele katika jambo hili, na waandike waraka wao watie saini. Mfano wa waraka huo ni huu:

"Kwa Bwana Meneja. Baada ya salamu, sisi tuliotia saini hapa chini ni wateja wa duka lako. Twaomba ndizi, machungwa, maparachichi, vitunguu na viazi viuzwe wazi kwa mzani, bila ya kisahani wala utando. Tutakuja na vikapu vyetu. Nyama, samaki na vilivyokatwa twaomba vibaki kama vilivyo. Ukituitikia kwa mwezi mmoja, nasi tutanunua kwako mwezi huo, kisha tukutane tuangalie khasara na faida. Wako wateja wako."

La tano, ahadi itimizwe. Duka likikubali kuuza wazi, kisha wateja wale wale wakayabinya maparachichi mpaka yakageuka uji, wakachagua na kuyaacha, meneja ana haki ya kurudisha utando. Mkono wa kukagua si mkono wa kuharibu.

Tena tusisahau vyombo tulivyoachiwa na wazee. Pwani twalijua pakacha la makuti na kikapu cha ukindu. Bara wanacho kiondo. Na wafanya biashara wa miraa wa Meru, biashara ambayo sisi hatuisifu, wamekuwa wakiifunga kwa majani ya mgomba ili isikauke njiani, na imefika ng'ambo ikiwa mbichi. Ikiwa jani la mgomba laweza kuitunza miraa kwa safari ndefu hivyo, sokoni halishindwi na mchicha wa asubuhi.

7. MASUALI NA MAJAWABU

Suali: Mimi ni mtu wa kipato kidogo, nanunua fungu kwa mama mboga wala supamaketi siingii. Darasa hili lanihusu nini?

Jawabu: Wewe ndiye unayetuonyesha njia, kwani ununuzi wako ndio ulio karibu na tunaouomba. Lakini lakuhusu kwa upande mwengine. Mara nyingi taka za wanaonunua huishia mahali pasipo gari la kuzoa, na mahali hapo mara nyingi ni mitaa kama ya kwenu. Unayo haki ya kusema juu ya kitu usichokinunua iwapo ndiwe unayekaa nacho.

Suali: Je, yafaa nivue plastiki nikaiache dukani kama walivyofanya watu wa Keynsham?

Jawabu: Ukikwisha lipa, plastiki ni mali yako, na kuiacha kwa mtu bila ya idhini yake ni kumbebesha mfagiaji kosa la tajiri. Muombe meneja aweke pipa kwa ajili hiyo. Akiweka, vua utie, na pipa likijaa kila jioni litamsemesha kuliko sisi.

Suali: Mifuko laini mfano wa kitambaa iliyokuja baada ya mwaka 2017, nayo ni nini?

Jawabu: Mingi katika hiyo ni plastiki pia, iliyotengenezwa kwa namna nyengine. Uliyo nao usiutupe. Utumie mpaka uchanike. Usinunue mpya kila uendapo sokoni, maana hapo utakuwa umeliua juala ukamlea mwanawe. Kikapu kimoja cha ukindu huishi miaka.

Suali: Mwenye duka akikataa katakata?

Jawabu: Yako maduka mengine, na wako kina mama mboga. Fedha iliyo mkononi mwako ni amana, na mahali unapoiweka ni shahada yako juu ya kile unachokiridhia.

Ndugu zetu, tumelipeleka darasa hili mbali, kutoka lundo la nafaka la Madina hadi meza za Dallas na mlango wa mto Kipini, lakini jambo ni moja. Sheria imefanya sehemu yake, na iliyobaki ni yetu. Wiki hii kila mmoja wetu na ahisabu, akitoka sokoni, ni vitu vingapi alivyotupa kabla ya kula, na katika hivyo ni vingapi vilikuwa haja. Hisabu hiyo ailete kwenye halaka tuisome pamoja, na waraka tuuandike juu yake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.